Kitufe cha Kujuta

Kiwandani walimwita Fundi Vitufe. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa, maana alikuwa amechoka kukataa mambo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zile sura za kompyuta ambazo waendeshaji wa mitambo huzikodolea macho kutwa nzima: kitufe cha kuwasha pampu, kitufe cha kufunga valvu, mshale wa kupimia joto, bomba la kuchorwa linalojaa rangi ya njano kadiri mafuta yanavyopanda. Kiwanda kilisafisha mafuta ya kupikia, na hapakuwa na tone lililotoka pale bila mtu kugusa kioo alichokipanga yeye.

Programu yenyewe haikuandikwa kwa maneno, ilichorwa. Upande mmoja palikuwa na visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya za rangi rangi, mithili ya redio iliyofunguliwa mgongo, na hapo ndipo ilipokaa akili ya mtambo. Upande wa pili palikuwa na uso, yaani vitufe, taa na mizani. Watu wa nje hudhani akili ndiyo ngumu. Fundi Vitufe angewacheka kama angekuwa na nguvu za kucheka. Akili ukishaipanga inatulia, lakini uso hautulii hata siku moja, kwa sababu kila mwenye macho ana maoni.

Meneja alitaka kijani, lakini kijani "kilichochangamka." Akachangamshiwa. Wiki iliyofuata akalalamika kwamba kinamuumiza macho. Mkuu wa zamu alitaka kitufe cha kusimamisha mtambo kiwe kikubwa, ofisa wa usalama akataka kiwe kikubwa zaidi. Hata mhasibu, ambaye mtambo pekee aliowahi kuugusa ni kikokotoo, alipita nyuma ya kiti chake akashauri kwamba herufi zingependeza zikilala kidogo. Zikalazwa. Fundi Vitufe mwenyewe alizionea wivu.

Kila kitufe alikifungua katika dirisha lake la peke yake, akakibomoa vipande. Palikuwa na picha ya kitufe kikiwa kimetulia, picha ya kitufe kikiwa kimewaka, na ile ya tatu ambayo wengi hawajui kama ipo, picha ya kitufe wakati kidole bado kimekigandamiza. Alibadilisha rangi, akanyoosha kingo, akahifadhi. Kwa bahati nzuri palikuwa na kitufe kimoja cha asili, na vingine vyote kwenye skrini zote za kiwanda vilikuwa nakala zake. Ukimnyoa mmoja, wote wamenyolewa.

Sifa yake kubwa pale kazini haikutokana na rangi, ilitokana na tabia ya kitufe hicho. Miaka ya nyuma, mzee mmoja wa zamu ya asubuhi aligusa valvu ya kumwaga badala ya valvu ya kujaza. Aliliona kosa papo hapo, kidole kikiwa bado juu ya kioo, lakini kitufe kilikuwa kimeshatii, na tanki zima la mafuta safi likaenda na mfereji. Mzee wa watu alikaa sakafuni akashika tama. Fundi Vitufe alimhurumia, na huruma yake ilikuwa ya kifundi. Alikwenda akakifundisha kitufe cha asili kisitii kinapoguswa, kitii kidole kinapoinuka. Ukigusa kimakosa, unatelezesha kidole mpaka nje ya mpaka wa kitufe, ndipo unainua, na hakuna kitakachotokea. Waendeshaji wakafurahi, wakakiita kitufe cha kujuta. Meneja akampongeza mbele ya kikao kizima, halafu akaulizia habari za kijani.

Basi hayo ndiyo ya kazini. Nyumbani kulikuwa na mama.

Mama huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mdomo wake haukujua likizo. Alishona huku akiongea, pini zimebanwa pembeni mwa midomo, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba amemeza hata moja. Asubuhi moja, akiwa anapima kola, kiharusi kikamwangusha. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Kilimwachia macho, mkono wa kushoto ulio mlegevu, na mlio mmoja wa kooni alioutumia kwa kila jambo, la furaha na la maumivu, bila kubagua.

Kumuuguza mtu asiyesema ni kazi ya kubahatisha. Unaleta maji, kumbe ni blanketi. Unaleta blanketi, kumbe ni choo, na sasa mmechelewa, shuka zibadilishwe, na wewe kesho alfajiri uko kazini. Fundi Vitufe alibahatisha mpaka akaishiwa. Ndipo alipoiomba skrini moja ya kugusa iliyokuwa imetupwa stoo, yenye ufa kwenye kona, na meneja akamruhusu kwa roho nyeupe. Akaifunga kwenye mkono wa chuma kando ya kitanda, akaanza kuchora.

Vitufe hakuvitengeneza upya. Nguvu hizo angezitoa wapi? Alichukua nakala ya kitufe cha kiwandani akaibadilisha sura. Aliipanua ikawa na upana wa kiganja. Penye picha ya pampu akaweka kikombe. Akaongeza mto, choo, dirisha, kitanda, uso uliokunjwa kwa maumivu, na picha yake mwenyewe ya zamani, enzi ambazo alikuwa bado na mashavu. Chini kabisa akaweka Ndiyo ya kijani na Hapana nyekundu. Kila kitufe kikiwaka kilitoa sauti, na sauti ilikuwa yake. Alijirekodi jikoni huku sufuria ikiwa motoni: "Naomba maji." "Mto wangu." "Mwanangu." "Kulala." Alisikika kama mtu anayesoma tangazo la msiba, lakini hakurudia.

Jambo moja alilipita. Ile picha ya tatu, ya kidole kikiwa bado juu ya kitufe, hakuichora. Aliiacha ifanane na kitufe kilichotulia, kwa sababu macho yalikuwa yanajifumba yenyewe na kazi ilikuwa inaonekana imekwisha.

Siku ya kwanza mama aliitazama skrini ile, uso ukamchangamka. Aliinua mkono wa kushoto taratibu, ukatua kwenye kioo, ukateremka, ukaangukia shuka. Skrini kimya. Akainua tena, ukatua, ukateremka. Kimya. Siku nyingine skrini ilijisemea kitu yenyewe katikati ya hayo yote, pengine "Dirisha," na Fundi Vitufe akatoka mbio kwenda kufungua dirisha, akirudi anamkuta mama amefumba macho kama mtu aliyekata tamaa na binadamu wote.

Miezi ikapita hivyo.

"Bonyeza, Mama," alikuwa akimwambia. "Usipapase. Bonyeza."

Jioni moja alitoka kazini kichwa kinamgonga, kwa sababu ya mhasibu na herufi zake. Akamkuta mama anapapasa kioo, na uzalendo ukamshinda. "Hutaki hata kujaribu!" alimfokea. "Unataka nifanye kila kitu mimi! Mimi peke yangu!" Mama aligeuza uso ukutani. Jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye moyo mwema aliyekuwa akishinda na mama mchana, alivaa ndala zake akaondoka bila kuaga. Fundi Vitufe alibaki amesimama katikati ya chumba, amejichukia.

Mtu mwingine aliyekuwa na maoni juu ya skrini ile alikuwa kaka yake mkubwa, muuza vipuri vya magari katika mji mwingine. Alionyeshwa kwa simu ya video, akamtazama mama akihangaika na kioo.

"Anapapasa tu, mdogo wangu," alisema. "Mama hayupo tena mle ndani. Tukubali."

"Yupo."

"Unajuaje?"

"Ananitazama."

"Hata picha ya ukutani inakutazama. Sikiliza. Nyumba yangu ni kubwa, wifi yako yuko nyumbani siku nzima, na kazi ya wodini ameifanya miaka. Wewe umekwisha. Umejiangalia kwenye kioo lakini? Jumamosi nakuja kumchukua."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Fundi Vitufe, dada yake. Ukigombana na mtu mbaya, unajua pa kushika.

"Utamchukua kama kochi," alisema. "Hata kumuuliza humuulizi."

"Nimuulize nani, wakati hajui hata kikombe?"

"Na akikuonyesha kwamba anajua?"

"Akinionyesha yupo, basi nitamuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi. Atakalosema ndilo."

Fundi Vitufe alikubali upesi upesi, kwa sababu jibu la mama alikuwa nalo tayari. Mama angebaki. Si kwamba yeye hakuchoka. Alichoka kiasi cha kusinzia kwenye foleni, akasinzia akisubiri faili lihifadhiwe, na siku moja alisinzia mkono ukiwa ndani ya ndoo ya kufulia. Lakini mama yake kubebwa kwa madai kwamba akili imeshaondoka, hilo lilimchoma. Palikuwa na jingine pia ambalo hakumwambia mtu. Ndoa yake ilishavunjika zamani, mtoto hakupata, na nyumba ile bila mama ingebaki na yeye na friji. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyochoka.

Zikabaki siku chache, na mama bado anapapasa.

Siku hizo ndipo Dada Chupa alipompigia simu kutoka kwenye laini ya kujazia. Dada Chupa alikuwa mwendeshaji wa mashine ya chupa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka kelele za mtambo, na jambo dogo kwake halikuwepo.

"Fundi, njoo uone kitufe chako kinavyonidharau."

Fundi Vitufe alishuka ngazi huku akihesabu kimoyomoyo nani tena atakuwa ametaka kijani. "Kinakudharau vipi?"

"Nakigusa, kinanitazama tu. Ona." Dada Chupa alikigusa kitufe cha kusogeza mkanda kwa kidole kilichovikwa glavu. Kweli, hakikuitika. Akagusa tena, hola. "Umekifundisha adabu gani hii?"

"Glavu yako ina mafuta, dada," alisema Fundi Vitufe kwa sauti ya mtu aliyeshaeleza jambo hilo mara zisizo na idadi. "Unagusa vizuri, lakini kidole kinateleza. Kinatoka nje ya mpaka kabla hujakiinua. Kitufe kinadhani umejuta."

"Mimi sijajuta chochote. Mimi nataka chupa zitembee."

"Kitufe hakijui. Kwake mtu aliyejuta na mtu ambaye mkono umemponyoka ni..."

Hakumaliza. Alisimama mdomo wazi, macho kwenye kidole cha Dada Chupa kinachoteremka kwenye kioo, kinaacha mchirizi wa mafuta. Alikuwa ameshauona mteremko huo. Alikuwa ameutazama kila siku, asubuhi na jioni, akaufokea.

"Fundi? Unaumwa?"

"Mama alikuwa anabonyeza," alisema Fundi Vitufe.

"Mama nani?"

"Alikuwa anabonyeza muda wote."

"Sasa na chupa zangu je?"

"Futa glavu," alisema, akapanda ngazi, akachukua mkoba wake, akampita meneja aliyekuwa mlangoni na karatasi yenye sampuli za rangi. Meneja alifungua mdomo. Alipouona uso wa fundi wake, akaufunga.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Jirani alishangaa kumwona saa hizo, lakini hakuelezwa kitu. Fundi Vitufe alivuta kiti, akachomeka kibodi kwenye skrini ya mama, akakifungua kitufe katika dirisha lake la peke yake. Sura yake aliijua yote, alikuwa amehangaika nayo sana, kingo, rangi, kikombe, mto. Tabia hakuigusa. Kitufe kilikuja nyumbani na tabia yake ya kiwandani, kinangoja kidole kiinuke, na kila mara mkono wa mama ulipoteremka kwa uzito wake wenyewe, kitufe kilimhesabia kwamba amejuta. Na kwa kuwa ile picha ya tatu haikuchorwa, hakuna aliyeweza hata kuona kwamba amegusa. Siku zile skrini iliposema jambo, ni kwamba mkono ulishtuliwa na kikohozi ukainuka ungali ndani ya mpaka. Mto, maji, maumivu, vyote alivisema. Havikutoka tu.

Orodha ya tabia ilikuwa na vijipicha vidogo. Alichagua kile cha kutii papo hapo kidole kinapogusa. Ilikuwa kazi ya kubofya mara moja. Alitamani ingekuwa ngumu. Angejisikia nafuu kama ingemgharimu usiku kucha, au ikamtoa jasho kidogo. Akachora na ile picha ya tatu, njano kote, akahifadhi, na nakala zote zikabadilika.

"Mama," alisema. "Jaribu sasa."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha mkono ukapanda ule mpando wake wa taratibu, ukatua juu ya mto, kitufe kikawa njano, na sauti ya kutangaza msiba ikasema, "Mto wangu."

Mto ulikuwa juu mno. Ulikuwa juu mno tangu lini, Mungu ndiye anayejua. Fundi Vitufe aliushusha. Mama akashusha pumzi, akainua mkono tena. "Dirisha." Jua lilikuwa linampiga machoni, kama kila alasiri, na kila alasiri watu wa nyumba ile walikuwa wamemfungulia pazia ili afurahi. Jirani alikimbilia pazia huku akijipiga kifuani.

Hapo Fundi Vitufe alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye shuka, akalia kwa sauti. "Nisamehe, Mama. Nilikufokea. Ulikuwa unasema, mimi nikakufokea. Nisamehe."

Juu ya kichwa chake skrini ikasema, "Choo."

Jirani aliangua kicheko, akaziba mdomo. Mama naye alitoa ule mlio wake wa kooni, na kwa mara ya kwanza wote walijua ulikuwa wa nini.

Jumamosi kaka na wifi walifika na gari lenye godoro limetandikwa kiti cha nyuma. Fundi Vitufe aliliona godoro kupitia dirishani, akalidharau. Alikuwa ameoga, amechana nywele, amempaka mama mafuta. Usingizi wa kutosha hakuupata, lakini alijikaza.

"Haya, Mama," alisema kaka, ameinama, kwa ile sauti ya juu ambayo watu huwapa wagonjwa na watoto. "Mimi ni nani?"

Hapakuwa na kitufe chenye picha yake. Mama alimtazama kwa karaha, akabonyeza, "Naomba maji."

Wifi alimletea. Alipogeuza kikombe upande usiofaa, mama akabonyeza Hapana, kikageuzwa, akanywa. Kaka aliuliza kama chumba kina joto. Hapana. Kama mkono unauma. Ndiyo. Aliuliza kama yeye kaka amenenepa, na Ndiyo ilitoka kabla hajafunga mdomo. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kaka hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama uliokufa, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu.

"Nilisema hupo," alisema. "Mama, nilisema hupo."

Fundi Vitufe aliyaona machozi yale, akaona ameshinda. "Sasa muulize," alisema.

Kaka alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, unataka kubaki hapa nyumbani?"

Mkono ukapanda. Ukatua. "Hapana."

Fundi Vitufe aliikodolea macho ile nyekundu. Na hapo hapo, kwa kuwa alikuwa fundi, jambo la kusema likamjia lenyewe: kitufe cha sasa hakina kujuta. Kinatii kikiguswa tu, hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mtu pekee mle ndani anayelijua hilo, na wote wangemwamini.

"Mkono umeteleza," alisema. "Ndiyo na Hapana ziko karibu mno. Subiri, nirekebishe."

Hakuna aliyebisha. Alichomeka kibodi, akavibadilisha nafasi. Hapana akaipeleka kushoto kabisa, Ndiyo akaileta kulia, na katikati akaacha nafasi pana. Vidole vilimkosea mara kadhaa. Alijua anachokifanya. Alikuwa anaomba kwa vidole.

Mama alikuwa anamtazama yeye, si skrini. Ni macho yale aliyokuwa akimtolea mtoto aliyeficha mkasi.

"Muulize tena," alisema Fundi Vitufe.

"Mama, unataka kubaki hapa?"

Mkono ulipanda. Ulisita juu ya mahali Hapana ilipokuwa mwanzo, ukaona imehama, ukaanza kuvuka kioo kwa shida, hautelezi, umeinuliwa, kidole kinatetemeka. Ulivuka Ndiyo, ukavuka ile nafasi pana, ukafika kushoto kabisa. "Hapana."

"Twende kwangu?" kaka aliuliza polepole.

Mkono ukarudi njia yote ile. "Ndiyo."

Fundi Vitufe alikaa sakafuni. "Nimekukosea nini, Mama?" alisema. "Ni ile siku niliyokufokea? Ni hiyo?"

Kitufe cha kujibia swali hilo hakikuwepo, hakufikiria kukitengeneza. Mama alipitisha macho yake juu ya vyote, kimoja kimoja, kama anayetafuta uzi kwenye kopo la vifungo. Kisha akabonyeza picha ya binti mwenye mashavu. "Mwanangu." Akapumzika. Akabonyeza kitanda. "Kulala."

"Anataka kulala?" kaka aliuliza.

"Wewe nawe," alisema wifi. "Anamwambia dada akalale."

"Sijachoka," alisema Fundi Vitufe.

"Mwanangu," ilisema skrini. "Kulala."

"Mama, nina wageni, sijapika, dawa zako hazijapangwa, na..."

"Mwanangu. Kulala."

Wifi alimshika mkono akamwinua. Dawa angezipanga yeye, alisema, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya kuolewa. Fundi Vitufe aliinama akambusu mama shavuni, akasema anajinyoosha kidogo tu, akishaamka watazungumza vizuri kama watu wazima. Aliingia chumbani kwake akajilaza na viatu.

Alipofungua macho, mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili na unaelekea kuisha. Viatu vilikuwa vimevuliwa, vimepangwa chini. Nyumba ilikuwa kimya, ukimya ambao hakuwa ameusikia kwa muda mrefu. Aliinuka akaenda chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kimenyooshwa vizuri, cha mtu aliyefanya kazi wodini. Mkono wa chuma haukuwepo. Skrini haikuwepo. Ukutani palibaki matundu ya skrubu.

Alisimama, kisha akakimbilia simu.

"Umemchukua bila kuniamsha!" alimwambia kaka yake. "Hata kumuaga!"

"Ngoja, ngoja kwanza," alisema kaka. Nyuma yake palisikika sauti za nyumba nyingine, mlango, sahani. "Nilitaka kukuamsha. Nilikuja mpaka mlangoni kwako. Anabonyeza Hapana. Nikasema basi nikuandikie karatasi, nigonge tu mlango nikupe. Hapana. Wifi yako naye akajaribu kunyata. Hapana, Hapana, Hapana, mpaka tukaogopa kelele zenyewe zitakuamsha. Nimebishana naye saa nzima, mdogo wangu. Nimeshindwa. Ni yule yule. Hajapungua hata kidogo."

Fundi Vitufe alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa. Alikuwa amelala usingizi wa kweli, mwili wote ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimfurahisha na kumtia aibu kwa pamoja. Alitaka kulia lakini hakuwa na uhakika analilia nini.

"Mpe simu," alisema. "Iweke karibu na skrini."

Akasikia simu ikipita mikononi mwa watu, ikawekwa juu ya kitu kigumu. Akasikia pumzi ya mama.

"Mama," alisema. "Umeniacha?"

Alijua mkono unapanda. Aliungoja, akishikilia ukingo wa godoro, na mwishowe akaisikia sauti yake mwenyewe, ile ya jikoni, ile ya msiba, ikimjibu kutoka mbali.

"Hapana."